Ulale Xiamen au Gulangyu? Ulinganisho wa mji wa bandari na kisiwa kilicho mbele yake

Wengi wanaopanga safari hii kwa kutazama picha hawajui kwamba Xiamen yenyewe ni kisiwa. Mji mkongwe wa bandari, ambao mabaharia wa Ulaya waliuita Amoy, umejengwa kwenye kisiwa kilichounganishwa na bara la mkoa wa Fujian kwa tuta la mawe lililokamilika mwaka 1955, kisha kwa madaraja kadhaa, na tangu mwaka 2010 kwa njia inayopita chini ya bahari. Gulangyu ni kisiwa kidogo kilicho mbele yake upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya mkondo wenye upana wa takriban mita 600, na hakina daraja wala tuta. Anayeuliza kama aende mjini au kisiwani, kwa kweli anachagua kati ya kisiwa kikubwa chenye magari, treni na maghorofa, na kisiwa kisichofika kilomita mbili za mraba ambako hata baiskeli hairuhusiwi.

Kuviona vyote viwili ni jambo jepesi, kwa kuwa pantoni huvuka kwa dakika chache. Uamuzi mgumu ni mahali pa kulala, maana mizigo, chakula, gharama na ratiba nzima ya siku hutegemea kitanda kilipo. Ninapolinganisha, ninamfikiria hasa msafiri wa Afrika Mashariki ambaye tayari yuko Guangzhou kununua bidhaa au kuhudhuria maonyesho makubwa ya biashara ya majira ya kuchipua au ya vuli, viza ya Uchina ameshaipata, na amebakiwa na siku mbili au tatu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Treni ya kasi kutoka Shenzhen huchukua takriban saa tatu na nusu hadi nne, na muda wa kutoka Guangzhou hutegemea treni. Atazame vizuri jina la stesheni kwenye tiketi yake: Xiamen Kaskazini iko bara, mbali na bandari ya zamani, ilhali stesheni iitwayo Xiamen tu iko kisiwani, karibu na mji wenyewe.

Mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kulala

Tofauti ya sehemu hizi mbili ina historia yake, na asiyeifahamu ataona majengo mazuri asijue yalifikaje hapo. Xiamen ilikuwa bandari ya watu wa Fujian kusini muda mrefu kabla ya Wazungu kuipigania. Hapa ndipo Zheng Chenggong, kamanda wa kivita anayejulikana Ulaya kwa jina la Koxinga, alipoweka ngome zake katika karne ya 17. Mwaka 1661 aliongoza jeshi la majini kwenda Taiwan, na mwaka uliofuata Waholanzi waliokuwa wakiishikilia wakasalimu amri. Sanamu yake kubwa ya mawe imesimama kwenye mwamba ulio ukingoni mwa Gulangyu, ikitazama bahari, na anayetembea ufukweni upande wa mji huiona waziwazi.

Mwezi Agosti 1841, wakati wa Vita vya Afyuni, Waingereza waliiteka Xiamen, wakaweka kikosi chao Gulangyu hadi mwaka 1845. Katikati ya miaka hiyo ulitiwa saini Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, uliozifungua kwa nguvu bandari tano za Uchina kwa biashara ya wageni, Xiamen ikiwa mojawapo. Kuanzia hapo ukawekwa mpangilio ambao bado unaonekana: ofisi na maghala yalikuwa upande wa Xiamen, penye meli, makuli na kelele, ilhali makazi, balozi ndogo, makanisa na shule za wageni vikawa Gulangyu, penye upepo na mwinuko. Mwaka 1903 kisiwa hicho kikapewa rasmi hadhi ya makazi ya kimataifa, kikawa na baraza lake la manispaa na polisi wake. Wageni wa zama hizo walikuwa na jibu lao kwa swali letu: walifanya kazi mjini, wakalala kisiwani.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya majumba unayoyaona Gulangyu haikujengwa na Wazungu. Yalijengwa na Wachina wa Fujian waliokuwa wamekwenda Ufilipino, Java, Malaya na Singapore, wakatajirika kwa sukari, mpira na biashara ya jumla, kisha wakarudi miaka ya 1920 na 1930. Huang Yizhu, aliyerudi mwaka 1919 baada ya kuwa mfalme wa sukari huko Java, ni mmoja wao. Msomaji mwenye mjomba aliyejenga ghorofa kijijini kwa fedha za Muscat au za London atayaelewa majumba haya haraka: nguzo za Kirumi mbele, matofali mekundu ya Fujian pembeni, paa la Kichina juu, na kila mwenye nyumba akitaka yake ipite ya jirani. UNESCO ilipoliingiza eneo hili kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Julai 2017, ilitaja majengo ya kihistoria 931, na ikautambua pia mtindo wa ujenzi uliozaliwa hapohapo kutokana na mchanganyiko huo.

Fedha hizohizo za ughaibuni ziliijenga na Xiamen, lakini kwa namna nyingine. Tan Kah Kee, mzaliwa wa Jimei, ng'ambo ya kisiwa upande wa bara, aliyechuma mali yake Singapore kwa mpira na mananasi, aliweka sehemu kubwa ya utajiri wake kwenye elimu: shule za Jimei kuanzia mwaka 1913, kisha Chuo Kikuu cha Xiamen mwaka 1921. Ndiyo maana nasema anayetaka kuwafahamu watu wa pwani hii asiishie kwenye majumba ya kisiwani. Kisiwani utaona walivyoishi matajiri. Mjini na Jimei utaona mmoja wao alivyozitumia fedha zake.

Kuvuka

Hapa ndipo wageni wengi hupotezea nusu siku, nami nilikuwa miongoni mwao. Gati la Lundu liko mwisho wa barabara ya Zhongshan, katikati kabisa ya mji mkongwe, na kutoka hapo Gulangyu inaonekana karibu kiasi cha kuhesabu madirisha. Nilifika hapo saa nne asubuhi nikiburuta begi la magurudumu, nikapanga foleni pamoja na akina mama waliobeba mboga, na nilipofika mbele nikaelekezwa kwa heshima nitoke kwenye foleni, kwa sababu mchana gati hilo ni la wakazi wa kisiwa. Wageni hupandia kituo cha meli kilicho Dongdu, kilomita kadhaa kaskazini, na safari kutoka huko ni kama dakika 20. Jioni utaratibu hubadilika na wageni huruhusiwa kuvukia Lundu.

Tiketi hununuliwa mapema kwa jina na namba ya pasipoti, kwa saa maalumu, na idadi ya watu wanaovuka kwa siku ina kikomo. Nauli ya kawaida ya mchana ambayo wageni wameizoea ni yuan 35, kwenda na kurudi. Kuingia kisiwani kwenyewe hakulipiwi, ila bustani na makumbusho makubwa yana tiketi zake. Katika wiki za sikukuu tiketi za saa za asubuhi huisha siku kadhaa kabla, kwa hiyo anayeamka na kusema "leo twende Gulangyu" hupata ya saa nane mchana au hukosa kabisa. Zipo pia gati mbili za kushukia: Sanqiutian, iliyo karibu na mitaa yenye msongamano, na Neicuo'ao, upande wa kaskazini-magharibi palipo kimya zaidi. Anayekwenda kulala na aitazame ramani ya nyumba yake ya wageni kwanza, ndipo achague gati, kwa sababu mwendo kati ya hizo mbili ni wa mlima na ngazi.

Mizigo kisiwani ni suala zito kuliko inavyodhaniwa. Magari hayapo, isipokuwa yale madogo ya umeme yanayowazungusha watalii kando ya bahari na machache ya huduma za dharura. Kila kitu kingine hupanda kwa mkokoteni. Nilisimama pembeni ya kichochoro kupisha mkokoteni uliojaa mifuko ya saruji: mwanamume mmoja mbele amejifunga mkanda begani na kuinama hadi kifua kikaribie magoti, mwingine nyuma akisukuma kwa viganja viwili, na kila baada ya hatua kumi wakitia kipande cha mbao nyuma ya gurudumu ili wapumue. Kazi ambayo Lamu hufanywa na punda, hapa hufanywa na binadamu. Mfanyabiashara anayetoka Guangzhou na mabegi matatu ya sampuli asijidanganye kwamba atayapandisha mwenyewe. Ama awalipe watu hao, ama ayaache mjini.

Mchana wa kisiwa, na usiku wake

Kwa mchana peke yake, nitasema wazi kwamba Gulangyu haiishindi Xiamen. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mitaa inayozunguka barabara ya Longtou hujaa watu bega kwa bega, vikundi vinavyofuata bendera za waongozaji, maduka ya biskuti zenye choroko tamu ndani, na maharusi wanaopigwa picha mbele ya kila lango lenye kutu. Kupanda mwamba wa Riguangyan, kilele cha kisiwa chenye urefu wa mita 92.7, ni kupanda ngazi huku umekanyagiwa visigino. Mandhari ya juu ni ya thamani: mapaa mekundu, miti mikubwa jamii ya mkuyu iliyozidiwa na mizizi yake, na ng'ambo ya maji ukuta wa maghorofa ya Xiamen. Lakini utaitazama kwa zamu.

Bustani ya Shuzhuang ndiyo ninayomshauri mtu alipie hata akiwa na haraka. Ilijengwa mwaka 1913 na Lin Erjia, mtu wa familia tajiri iliyoihama Taiwan baada ya Japani kuichukua mwaka 1895, naye aliipanga ili ikumbushe bustani ya nyumbani kwao. Ukipita langoni huioni bahari. Kuna ukuta tu. Unazunguka ukuta huo, na ghafla maji yote yako mbele yako, pamoja na daraja lililojengwa kwa kona kona juu ya mawimbi. Ndani ya bustani hiyohiyo kuna makumbusho ya piano, yaliyofunguliwa mwaka 2000 kutokana na mkusanyiko wa Hu Youyi, mzaliwa wa kisiwa aliyehamia Australia. Kisiwa hiki huitwa na Wachina "kisiwa cha piano", na sababu yake ni ya kihistoria: vinanda viliingia pamoja na makanisa na shule za wamisionari, vikahamia kwenye sebule za matajiri, na baadaye kisiwa kikatoa wanamuziki wa kitaifa, akiwemo mpiga piano Yin Chengzong, aliyezaliwa hapa mwaka 1941. Daktari Lin Qiaozhi, anayeheshimiwa Uchina nzima kwa kazi yake ya uzazi na magonjwa ya wanawake, naye alizaliwa hapa mwaka 1901, na bustani ndogo ya kumkumbuka ni mojawapo ya sehemu chache ambazo hata mchana hazina fujo.

Hesabu hubadilika jua linapozama. Vikundi vya bendera huondoka, maduka ya Longtou hufunga, na ndani ya saa moja kisiwa hubaki na wakazi wake, paka wengi mno, na wageni wachache waliolipia kitanda. Taa za vichochoroni ni hafifu. Unasikia nyayo zako mwenyewe, televisheni ya mzee nyuma ya dirisha, na mara mojamoja mtoto anayerudia somo la piano palepale anapokosea. Alfajiri, kabla ya pantoni za kwanza za wageni, ngazi za vichochoro ni za wazee wanaofanya mazoezi na wachuuzi wa samaki. Kwangu mimi hizo saa kumi na mbili, kati ya jioni na asubuhi, ndizo Gulangyu yenyewe, na asiyelala huko hazioni. Anayekwenda mchana na kurudi mchana ameona soko tu.

Gharama ya utulivu huo ni hii: vyumba vya kisiwani ni vidogo na, kwa ubora uleule, ni ghali kuliko vya mjini, nyumba nyingi ni majumba ya zamani yenye ngazi za mbao zisizo na lifti, unyevu huingia hadi kwenye shuka, na baadhi ya nyumba ndogo za wageni hazijazoea kumwandikisha polisi mgeni mwenye pasipoti ya nje. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa kama wanapokea pasipoti yako. Mjini swali hilo halina uzito sana, kwa kuwa hoteli ni nyingi na ukikataliwa moja, nyingine iko hatua hamsini mbele.

Upande wa mji

Xiamen haina jioni moja ya kumroga mtu. Uzuri wake umetawanyika, unahitaji miguu na kadi ya usafiri, na humlipa zaidi mwenye siku mbili kuliko mwenye nusu siku. Barabara ya Zhongshan ilipasuliwa miaka ya 1920, na maduka yake yana vibaraza vyenye matao vinavyomkinga mpita njia na jua na mvua, mtindo walioutoa kwenye miji ya Malaya na Singapore. Barabara yenyewe siku hizi ni ya watalii kama ilivyo Longtou, lakini ingia vichochoro vya nyuma yake na utakuta soko la Bashi, mahali samaki, kaa na chaza bado hai wanapouzwa kwenye beseni, na wanawake wenye visu vifupi wanafumbua chaza kwa kasi isiyofuatika kwa macho.

Kusini mwa kisiwa kikubwa kuna hekalu la Kibudha la Nanputuo, na pembeni yake Chuo Kikuu cha Xiamen, ambacho mgeni hukiingia kwa kuomba nafasi mapema. Mbele kidogo ipo ngome ya Hulishan, iliyojengwa miaka ya 1890, yenye mzinga mkubwa wa Krupp kutoka Ujerumani ambao bado uko mahali pake. Siku yenye hewa safi, kutoka pwani hiyo unaviona visiwa vya Jinmen, vinavyotawaliwa na Taiwan. Mwaka 1958 pande hizi mbili zilirushiana makombora, na leo pantoni ya abiria huenda na kurudi. Historia hiyo huwezi kuihisi Gulangyu, ambako kila kitu kimegandishwa kwenye miaka ya balozi na majumba.

Safari ninayoipenda kuliko zote upande huu ni ya bei ya tiketi ya treni tu. Panda treni ya mjini, njia namba moja, uelekee Jimei. Njia hiyo, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2017, hutoka ardhini na kuvuka kwenda bara kando ya lile tuta la mwaka 1955, na kwa dakika chache huoni kitu kingine dirishani ila maji pande zote mbili. Ng'ambo kuna kijiji cha shule cha Tan Kah Kee, chenye majengo ambayo mwili wake ni wa Kizungu na kofia yake ni paa la Kichina lenye ncha zilizopinda. Kaburi lake liko kwenye bustani ya mawe ufukweni. Alifariki mwaka 1961. Wanafunzi hupiga makasia kwenye bwawa mbele ya madarasa. Watalii wa kigeni huko ni wachache mno.

Kwa usafiri wa kawaida mji unashinda bila ubishi. Mabasi yaendayo haraka yalianza hapa mwaka 2008, na njia yake kuu imeinuliwa juu ya nguzo, kiasi kwamba aliyezoea mwendokasi wa Dar es Salaam atashangaa kuona basi likipita usawa wa dirisha la ghorofani bila kukutana na taa hata moja. Mzee mwenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto wa kigari, au mtu mwenye treni ya saa moja asubuhi alale upande huu na asione kwamba amekosa kitu. Atavuka mchana au jioni akiwa mikono mitupu.

Chakula, na anayetafuta halali

Chakula ni cha mji. Kisiwani utakula, lakini utakula vitafunwa vya watalii kwa bei ya watalii. Asubuhi ya Xiamen huanza na tambi za shacha, ambazo mchuzi wake wa rangi ya kahawia hupikwa kwa karanga, kamba wakavu waliosagwa na viungo vilivyoletwa na wale waliorudi kutoka visiwa vya kusini. Unaonyesha kwa kidole unachotaka kiongezwe: ngisi, tofu, mayai, kamba. Mtu aliyelelewa kwa mchuzi wa karanga hatahitaji kuelezwa zaidi. Ipo pia supu tamu ya karanga, zilizochemshwa muda mrefu hadi zikapondeka kwa ulimi. Ipo chapati ya mayai yenye chaza. Na ipo jeli baridi yenye minyoo ya baharini ndani yake, ambayo wenyeji huisifu nami niliila mara moja kwa ajili ya adabu.

Kwa Mwislamu tahadhari ni muhimu pande zote mbili. Mchuzi wa shacha mara nyingi huwa na supu ya mifupa ya nguruwe, na chapati ya chaza hukaangwa kwa mafuta yake, hata kama hakuna nyama inayoonekana sahanini. Mjini zipo kantini za tambi za kuvuta kwa mkono zinazoendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini-magharibi mwa Uchina, zenye bango la kijani na neno *qingzhen*, yaani halali, na msikiti pia uko upande wa mji. Kisiwani utajitegemea kwa matunda, samaki wa kuchemsha na ulichobeba. Kwa familia inayozingatia halali na inayotaka kula vizuri mara tatu kwa siku, hoja hii peke yake inatosha kuamua: lala mjini.

Majira

Kati ya Julai na Septemba ni msimu wa vimbunga. Kimbunga Meranti cha Septemba 2016 kiliing'oa miti ya Xiamen kwa wingi na kuuacha mji bila umeme na maji. Upepo ukizidi, pantoni husimama, na aliyelala kisiwani hubaki huko hadi zirudi. Ukungu wa majira ya kuchipua nao huzisimamisha kwa saa kadhaa. Mwenye ndege ya kesho asilale kisiwani katika miezi hiyo. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba hewa ni kavu na ya kupendeza, na ndipo kisiwa kinapostahili fedha zake. Wiki ya kwanza ya Oktoba, siku za mwanzo za Mei na Mwaka Mpya wa Kichina ni za kuepuka Gulangyu kabisa. Kinyume chake, sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli huupendeza mji: familia na wafanyakazi wa ofisi huzunguka meza, hutupa dadu sita kwenye bakuli la kauri na kushindania keki na zawadi, mchezo ambao masimulizi ya wenyeji huuhusisha na askari wa Zheng Chenggong. Mlio wa dadu hizo hutoka kwenye kila mgahawa.

Ningekushaurije

Mwenye usiku mmoja, begi dogo, na siku isiyo ya sikukuu, alale Gulangyu. Aache mzigo mkubwa mjini, avuke alasiri wengine wakianza kurudi, aione bustani ya Shuzhuang kabla haijafungwa, atembee usiku bila ramani, na ashuke gatini asubuhi inayofuata umati unapopanda. Xiamen ataipitia kwa saa chache, na hilo ni sawa.

Mwenye usiku mbili agawanye, mmoja kila upande, akianza na mji ili ajue mapema gati na tiketi zinavyokwenda. Wenzi waliooana karibuni wanaweza kuzitumia zote mbili kisiwani, mradi wakubali kula vibaya. Anayesafiri na wazee, watoto wadogo au mabegi ya biashara azitumie zote mjini, hoteli iwe karibu na mwisho wa Zhongshan ili jioni avukie Lundu kwa miguu, azunguke saa mbili kisiwani kukiwa kumetulia, na arudi kulala. Huo ndio mpango ninaouona bora kwa walio wengi, kwa sababu unapata sehemu ya usiku wa kisiwa bila kulipia unyevu na ngazi zake. Na mwenye mchana mmoja tu, tena wa sikukuu, aiache Gulangyu na aende Jimei.

Siku ya tatu ikipatikana, wengi husukumwa wairudie Gulangyu au waende kwenye nyumba za udongo za mviringo milimani, ambazo ni mbali na huchosha. Mimi ningekwenda Quanzhou, isiyofika saa moja kwa treni ya kasi. Ndiyo bandari kubwa iliyotangulia Xiamen, ile ambayo Waarabu waliiita Zaitun, na msikiti wake wa mawe wa Qingjing ulianzishwa mwaka 1009, sawa na mwaka wa 400 Hijria. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alishuka kwenye bandari hiyo miaka ya 1340. Quanzhou ina kantini za halali, lango la msikiti lenye maandishi ya Kiarabu yanayosomeka, na watalii wachache kuliko Gulangyu. Ila kama usiku wa pili umelala kisiwani, usikate tiketi ya treni ya asubuhi sana: kuna pantoni ya kuvuka, foleni ya kuifikia, na kutoka gatini hadi stesheni ya Xiamen Kaskazini kunakula zaidi ya saa nzima.